Damu ya Ijara Inayakumbuka Mafuriko

Desemba 1997, mvua za El Niño zikiwa zimekata barabara za Garissa, habari za vifo zilianza kufika mjini. Watu walikuwa wakitokwa na damu, na zizi baada ya zizi kondoo na mbuzi walikuwa wakitupa mimba. Vifo 170 viliripotiwa wilayani. Maabara ikakuta Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ambao watafiti Daubney, Hudson na Garnham waliueleza mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wakiufahamu tayari kwa jina la sandik.

Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa Garissa. Wengi walipona, na ni njia ya hao waliopona ninayoifuata hapa.

Virusi vinapoingia, mwili tayari una mamilioni ya seli B zenye vipokezi tofauti tofauti, na ni chache tu zinazoweza kuvishika. Hizo hukusanyika kwenye tezi za limfu, hugawanyika na kubadilika kidogo kidogo, na zinazoshika vizuri zaidi ndizo zinazoachwa hai. Baadhi huwa viwanda vya kingamwili na kukaa kwenye uboho wa mifupa kwa miaka. Nyingine hubaki seli za kumbukumbu, zenye aina nyingi zaidi, hata zile zisizoshika sana, nazo ni akiba siku adui akirudi na sura nyingine. Watu wawili walioambukizwa na mbu wa dimbwi moja hawabaki na akiba inayofanana.

Ukifuata Mto Tana kusini kutoka Garissa unafika Ijara. Huko, mwaka 2006, watafiti walipima damu ya wakazi 248 wa Gumarey, kijiji cha wafugaji, na wa mji mdogo wa Sogan-Godud. Asilimia 13 walikuwa na kingamwili za ugonjwa huu. Wazee waliwazidi vijana, wanaume waliwazidi wanawake, Gumarey iliuzidi mji. Kwangu mimi, jambo zito kuliko yote ni kwamba walioonekana kuambukizwa zaidi walikuwa wale waliowahi kutupa vijusi vya mifugo. Hebu mfikirie mchungaji anayemwokoa kondoo wake usiku, mikono mitupu, maji ya uzazi yakimfika kwenye viwiko. Kazi yake imeandikwa kwenye damu yake. Baadhi ya waliokutwa na kingamwili walikuwa pia na makovu kwenye retina na macho yasiyoona vizuri, kwa hiyo tusiisifu kinga hiyo kana kwamba ilipatikana bure. Kulikuwa pia na dalili kwamba maambukizi yaliendelea hata kati ya milipuko.

Mwisho wa mwaka huohuo mvua kubwa zilirudi, na ugonjwa ukazuka tena Garissa. Kenya ilihesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Kumbukumbu ya seli hairithiwi. Mtoto wa Gumarey aliyezaliwa baada ya mafuriko huanza upya, na hakuna chanjo ya binadamu inayotolewa kwa umma. Ya mifugo ipo. Serikali za kaunti ziipeleke malishoni kabla ya mawingu kukusanyika, kwa sababu mlipuko ukishaanza, sindano inayotoka mnyama mmoja hadi mwingine inaweza kuusambaza. Nawe mfugaji, usishike kijusi kwa mikono mitupu.