Ndege ya Vita Iliyolala Jangwani Miaka 42

Leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee ndege. Ndege moja tu, kuukuu, ya vita, yenye injini nne, ambayo kwa hali ya kawaida ingekuwa imekwishayeyushwa zamani na kugeuzwa masufuria.

Inaitwa Doc. Ni ndege ya kudondoshea mabomu aina ya B-29 Superfortress, iliyotengenezwa na kampuni ya Boeing katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, na kukabidhiwa jeshi mwezi Machi 1945. B-29 zilitengenezwa karibu 4,000. Zinazoweza kuruka leo ni mbili tu, na Doc ni mojawapo. Haikuokolewa kwa amri ya serikali. Iliokolewa na watu wa kujitolea, wengi wao wazee wastaafu, waliokuwa wakiamka asubuhi na kwenda kugonga ribiti bila kulipwa hata senti.

Nimekuwa nikiifuatilia habari yake kwa miaka kadhaa. Kwanza kwa sababu mimi ni mgonjwa wa historia, mnanijua. Pili kwa sababu kila ninapoisoma huishia kunirudisha huku kwetu, na nitawaambia ni kwa njia gani. Vumilieni kidogo.

Tuanze na B-29 yenyewe. Iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 1942. Ilikuwa dude kubwa: mabawa mita 43 kutoka ncha hadi ncha, urefu mita 30, ndani watu 11. Ilikuwa na mambo ambayo ndege nyingi za wakati huo hazikuwa nayo. Hewa ya ndani ilishindiliwa, kwa hiyo wanajeshi waliweza kupaa juu sana bila kuvaa barakoa za oksijeni muda wote. Bunduki zake ziliendeshwa kwa mbali, mpigaji akiwa amekaa mahali pengine kabisa. Mradi mzima uligharimu takriban dola bilioni 3, ambazo ni zaidi ya gharama ya mradi wa bomu la atomiki lenyewe.

Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: injini zake zilikuwa zikishika moto. Februari 1943 ndege ya pili ya majaribio iliwaka angani juu ya Seattle na kuangukia kiwanda cha nyama. Rubani maarufu Eddie Allen na wenzake wote waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Hata hivyo vita havikungoja. Ndege ziliendelea kutolewa viwandani zikiwa na kasoro, na mapema mwaka 1944 mafundi wa Kansas walizirekebisha nje, kwenye baridi na theluji, ili ziwahi kwenda Asia.

Zilikwenda kufanya nini? Hapa sitaki kuficha. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, B-29 zaidi ya 270 ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 100,000 walikufa usiku huo mmoja. Tarehe 6 Agosti B-29 iliyoitwa Enola Gay ilidondosha bomu la atomiki Hiroshima. Siku tatu baadaye nyingine, Bockscar, ilifanya hivyo hivyo Nagasaki.

Doc haikuwemo. Haikuwahi kumdondoshea mtu bomu. Baada ya vita, mwaka 1951, ilipangiwa kazi ya kusaidia kupima usahihi wa rada. Kikosi chake kilikuwa na ndege zilizopewa majina ya wahusika wa ile hadithi ya Snow White na mbilikimo saba, na yeye akapewa jina la mbilikimo mmojawapo. Mwaka 1955 ikahamishiwa kazi ya kuvuta shabaha angani. Mwaka 1956 ikageuzwa shabaha yenyewe. Ikapelekwa China Lake, eneo la jeshi la majini katika jangwa la Mojave, California, ikaachwa hapo ili marubani wafanyie mazoezi ya kulenga.

Fikiria: ndege inatumikia jeshi miaka kumi na moja, halafu jeshi hilo hilo linaiweka mchangani liitwange mabomu.

Ikasalimika. Jangwa lilisaidia, kwa sababu hewa kavu haili bati la alumini kama hewa ya kwetu huku pwani. Jua likaichoma, upepo ukaipiga, wengine wakanyofoa vifaa, lakini mifupa ikabaki. Haikuwa peke yake. Mwaka 1971 kikundi kingine cha wapenzi wa ndege za zamani kilikuwa kimekwishaitoa B-29 mojawapo huko huko China Lake, wakaiita FIFI. Ndiyo hiyo iliyobaki B-29 pekee inayoruka duniani kwa miongo mingi.

Mwaka 1987 mtu anayeitwa Tony Mazzolini aliiona Doc. Aliitaka. Ungedhani kinachofuata ni kulipa na kuondoka nayo. Thubutu! Urasimu si ugonjwa wa Afrika peke yake. Aliambiwa kwamba B-29 hiyo haiuzwi. Ila kama anaitaka, atafute ndege nyingine ya zamani, B-25, aikarabati ipendeze, kisha aipeleke kwenye jumba la makumbusho la jeshi la majini huko Pensacola, Florida. Wengi wangekata tamaa hapo. Yeye na wenzake walikwenda kuipata B-25 Venezuela, wakaisafirisha hadi Cleveland, wakaikarabati, wakaikabidhi. Ndipo mwaka 1998 wakaruhusiwa kuivuta Doc kutoka mahali ilipokuwa imelala kwa miaka 42.

Hesabu hapo: kutoka 1987 hadi 1998 ni miaka kumi na moja, na bado hakuna injini iliyowashwa.

Walipoitazama vizuri wakaelewa kwamba kazi ile haiwezekani kule jangwani. Inahitaji kiwanda, mashine, na zaidi ya yote inahitaji watu wanaozijua ndege za aina hiyo. Watu hao walikuwa wapi? Wichita, nyumbani kwake. Huko ndiko zilikotengenezwa B-29 1,644. Basi wakaifungua vipandevipande, na mwezi Mei 2000 vipande vikaanza kufika Wichita juu ya matrela. Ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, yaani ni mbali kuliko kutoka Dar kwenda Tunduma na kurudi.

Wichita wakaipokea kama mtoto aliyepotea. Boeing ikatoa nafasi kiwandani. Wastaafu wa viwanda vya ndege wakajitokeza, wakafuatwa na wanajeshi wa zamani, mafundi wa umeme, walimu na wanafunzi. Miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa amegonga ribiti za B-29 katika mji huo huo akiwa binti wakati wa vita. Akarudi, ana zaidi ya miaka 70, akashika tena kazi yake. Vijana walikuwa na michoro, yeye alikuwa na kumbukumbu ya mikono.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha, na habari za magazetini huwa zinairuka. Bati lililooza linang'olewa, linachongwa jipya kwa kufuata la zamani. Waya zote zinapitishwa upya. Mabomba ya mafuta na ya breki yanabadilishwa. Injini ziliundwa kwa kuchanganya sehemu za matoleo ya baadaye ya Wright R-3350, yaliyokuwa yamepona ule ugonjwa wa moto. Ukijumlisha muda wote waliojitolea unapata mamia ya maelfu ya saa.

Na mara kadhaa ilikuwa karibu kufa tena. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 biashara ya ndege iliporomoka, wafanyakazi wakapunguzwa, na mradi ukazorota. Mwaka 2005 Boeing iliuza sehemu kubwa ya shughuli zake za Wichita, na mwaka 2014 ikaondoka kabisa. Mwaka 2013 kundi la wafanyabiashara wa mji huo, likiongozwa na Jeff Turner, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Spirit AeroSystems, lilianzisha shirika lisilo la faida la kuumalizia mradi. Wakachangisha fedha, nyingine kupitia intaneti. Tarehe 17 Julai 2016 Doc ikapaa. Ilikaa angani dakika chache tu, lakini ilikuwa imengoja miaka 60. Kiwanda kilichoizaa kimeondoka, mtoto amebaki. Mwaka 2019 ikapata banda lake lenyewe kwenye uwanja wa ndege wa Wichita.

Msidhani mambo haya huisha vizuri kila mara. Kuna B-29 nyingine, Kee Bird, iliyotua kwa dharura kwenye barafu ya Greenland Februari 1947. Wanajeshi wake wote waliokolewa. Mwaka 1994 timu ya watu wachache ilikwenda kuitengeneza huko huko kwenye baridi ili wairushe kurudi nayo. Fundi wao mkuu aliugua na kufariki. Mei 1995 wakarudi, wakawasha injini zote nne, ndege ikaanza kutembea. Kisha moto ukazuka mkiani na ikateketea mbele ya macho yao. Kwa hiyo ninaposema "kuhifadhi" simaanishi kufuta vumbi. Watu huweka rehani maisha yao.

Sasa swali ambalo najua baadhi yenu mnalo: kwa nini mtu ahangaike kuokoa chombo kilichochoma miji?

Wamarekani wenyewe waligombana juu ya hilo. Mwaka 1995 taasisi ya Smithsonian ilitaka kuonyesha kipande cha Enola Gay pamoja na maelezo ya yaliyowapata watu wa Hiroshima. Wanajeshi wa zamani na wabunge wakaja juu, wakisema maonyesho hayo yanawafanya Wajapani waonekane ndio walioonewa. Maonyesho yakafutwa, yakawekwa mengine yasiyo na maelezo mengi, na mkurugenzi wa makumbusho akajiuzulu.

Mimi naona ugomvi ule ndio faida yenyewe. Ndege ikiwepo, watu watagombana mbele yake: yupi alikuwa shujaa, yupi aliuawa, ilikuwa lazima au haikuwa lazima. Ikiyeyushwa, mjadala nao unayeyuka. Kuhifadhi kitu si kukisifu. Ni kukataa kiondoke kabla hatujamaliza kukiuliza maswali.

Na maswali hayo hayaishii Wichita. Urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima, sehemu yake kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likasaidia kuufufua mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji. Waliochimba na kuyachambua mawe kwa mikono walikuwa Waafrika, katika migodi ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Hakuna aliyewaambia mawe yale yanakwenda kufanya nini.

Mgodi ulizibwa kwa zege mwaka 1960. Watu wakaendelea kuchimba kwa kujificha, na mwaka 2004, baada ya serikali kuupiga marufuku, ukaporomoka na kuua watu. Enola Gay ina jumba zuri Virginia, Bockscar ina lake Ohio, Doc ina banda Wichita. Kamba ni moja, ncha yake moja imeng'arishwa, nyingine imefukiwa.

Siwalaumu wazee wa Wichita kwa hilo. Wao walishika ncha iliyo karibu nao, wakaivuta miaka karibu thelathini. Wa kushika hii nyingine ni nani? Mwaka fulani nilikwenda ofisi moja ya umma, siitaji, kutafuta mafaili ya zamani kwa ajili ya makala. Mhudumu aliniambia, bila hata kuona haya, kwamba yaliuzwa kwa kilo kwa wafungaji maandazi. Hakuna moto uliotokea wala vita. Palikosekana mtu mmoja tu wa kusema "hapana, hayo msiyauze."

Tony Mazzolini hakuwa waziri. Yule bibi wa ribiti hakuwa profesa. Tunapenda kusema hatuna makumbusho kwa sababu hatuna fedha. Labda ni kweli. Lakini babu aliyefanya kazi mgodini, relini au bandarini yupo, ana miaka 85, na kumsikiliza ukiwa na kinasa sauti ni bure. Nani kati yetu amekwenda?

Mimi nimemaliza. Kazi kwenu.