Istilahi za Bunduki ya Gumegume na Ufundi wa Kuiunda Upya

Mfasiri asomapo maandishi ya Kiingereza ya karne ya 18 juu ya uwindaji wa ndege hukuta kwamba mtambo wa bunduki ulikuwa na kipande kilichoitwa nyundo. Akikifasiri hivyo hivyo, atakuwa amelihifadhi neno na kukipoteza kitu, kwa sababu nyundo ya wakati ule haikugonga bali iligongwa. Kosa la namna hii haligunduliwi kwa kufunua kamusi peke yake. Hugunduliwa na yule aliyekishika kipande chenyewe, akakifua, akakitia tupa na kukiona kikifanya kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza ufundi wa kuunda upya, kwa mkono, bunduki za kale za kuwindia ndege, ufundi unaoendelezwa leo hasa katika Marekani na Uingereza. Tutaonyesha jinsi ufundi huo ulivyosaidia kurejesha maana ya majina yaliyokwisha kuchanganyika. Kisha tutaitazama hazina ya Kiswahili, maana lugha yetu iliwahi kukifahamu chombo hiki na kukipa majina yake.

Chombo na historia yake

Bunduki ya gumegume ni ile ambayo baruti yake huwashwa kwa cheche zipatikanazo jiwe gumu linapokwaruza pua, yaani chuma kilichokazwa kwa moto. Mtambo wake katika umbo lililokamilika hunasibishwa na fundi Marin le Bourgeois wa Lisieux, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 17. Ulitumika kwa muda wa miaka mia mbili hivi, vitani na mawindoni.

Bunduki ya kuwindia ndege ilikuwa na sifa zake. Kasiba yake ilikuwa ndefu, nyembamba na laini ndani, wala haikuchongwa mifuo ya kuizungusha risasi. Ilikuwa nyepesi begani, kwa kuwa mwindaji alihitaji kuielekeza upesi kwa ndege arukaye. Ilishindiliwa marisaa, yaani punje ndogo ndogo za risasi, badala ya risasi moja kubwa. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol alipewa hataza ya njia ya kutengeneza marisaa kwa kudondosha risasi iliyoyeyushwa kutoka mahali pa juu, ili matone yaviringike na kupoa kabla ya kufika chini.

Jambo la ajabu ni kwamba gumegume iliangushwa na mwindaji wa ndege. Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie katika Scotland, alikuwa mpenzi wa mawindo. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na ndege waliouona mwako wa baruti wakaruka kabla marisaa hayajawafikia. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa dawa iwakayo inapogongwa. Kutokana na wazo hilo ilikuja fataki, na kufikia katikati ya karne ya 19 jiwe lilikuwa limeachwa karibu kila mahali katika Ulaya.

Chombo kilipoachwa, mafundi wake walikufa bila warithi. Kazi ya kuufufua ufundi huo ilianzwa na watu wa karne ya 20. Katika Marekani chama cha taifa cha wapenda bunduki za kushindilia kiliundwa mwaka 1933. Katika mji wa Williamsburg, Virginia, ambao sehemu yake ya kale imehifadhiwa kama makumbusho, fundi Wallace Gusler alijifunza upya kazi zote za karakana ya karne ya 18. Filamu ya mwaka 1969 inamwonyesha akiunda bunduki nzima, kuanzia kipande cha chuma tupu hadi nakshi ya mwisho. Bunduki hiyo ilikuwa ya mifuo, lakini kazi za kufua kasiba, kuunda mtambo na kuchonga mti ni zile zile za bunduki ya ndege.

Majina ya mtambo

Tuuangalie sasa mtambo, maana ndipo mkanganyiko ulipo. Kipande cha kwanza ni kile chenye taya mbili zinazolibana jiwe. Mwingereza alikiita jogoo, na Mjerumani na Mholanzi vivyo hivyo. Mfaransa na Mtaliana walikiita mbwa. Mhispania alikiita mguu wa paka. Kila taifa lilitazama umbo lile lile likaona mnyama wake.

Kipande cha pili ni bamba la pua lililosimama mbele ya jiwe. Kifyatulio kikivutwa, kamani husukuma taya mbele, jiwe likaligonga bamba hilo na kulikwaruza. Bamba hubenuka na kukifunua kibakuli chenye baruti kidogo, na cheche huangukia humo. Hapa inafaa mwalimu akumbuke kuwa cheche zile si za jiwe. Ni chembe za pua zilizonyolewa na jiwe, ambazo huwaka zinapokutana na hewa. Ndiyo sababu fundi hulikaza bamba kwa uangalifu mkubwa. Likiwa laini halitoi cheche, na likikazwa kupita kiasi huvunjika.

Bamba hili ndilo Waingereza wa karne ya 18 waliloliita nyundo. Mtambo wa fataki ulipokuja, bamba halikuhitajika tena. Jina lake lilibaki bila kazi, likahamia kwenye kile kipande kilichokuwa jogoo, ambacho sasa kiligonga fataki kwelikweli. Hivyo neno moja, katika lugha moja na kwa chombo cha jamii moja, lina maana mbili zinazopingana: kigongwacho kabla ya fataki, na kigongacho baada yake. Mfasiri asiyetazama tarehe ya maandishi hana budi kupotea.

Ndani ya mtambo mna kipande cha mviringo kinachozunguka na kulishika jogoo. Wafaransa na Wajerumani hukiita kokwa, kwa jina la tunda lenye ganda gumu. Nasi tunalo neno la asili kama hiyo, maana bunduki latokana na Kiarabu bunduq, tunda dogo gumu, ambalo baadaye lilitumiwa kwa vidonge vya kurushwa na hatimaye kwa silaha yenyewe. Kufanana huku ni sadfa, lakini kunaonyesha kwamba mafundi wa kila lugha walichukua majina yao jikoni na shambani kabla ya kuyatafuta mahali pengine.

Kasiba, mti na ukamilishaji

Kasiba ya kale ilifuliwa kutokana na ubapa mrefu wa chuma. Mhunzi aliukunja juu ya ufito wa chuma, kisha akautia weko, yaani akaziunganisha kingo zake kwa moto na nyundo, sehemu fupi fupi, akirudi motoni mara nyingi. Baada ya hapo tundu lilikerezwa kwa keekee ndefu, kasiba ikanyoshwa kwa kutazamwa kwa jicho, na nje ikapigwa tupa. Bunduki nyingi za ndege zina pembe nane upande wa nyuma, kisha huwa duara hadi mdomoni. Siku hizi waundaji wengi hununua kasiba ya chuma cha kisasa iliyokerezwa kwa mashine, kwa ajili ya usalama. Wafuao kwa mkono ni wachache.

Mti wa Kiingereza ulikuwa hasa wa jozi, na mafundi wa Marekani walitumia pia mti uitwao mepo. Ubao hukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuguswa. Fundi hupaka chuma masizi ya taa, hukilaza mahali pake, hukiondoa, kisha huchonga kwa patasi pale tu palipoachwa alama nyeusi. Hurudia hivyo mpaka chuma na mti vikutane bila mwanya. Mahali pa mtambo hapachaguliwi kwa kupendeza, bali huamuliwa na tundu la kasiba lipitishalo moto, ambalo lazima likabiliane na kibakuli cha baruti.

Ukamilishaji ni kazi ya subira. Mti hukwanguliwa, hulowanishwa ili nyuzi zake zisimame, hukwanguliwa tena, kisha husuguliwa. Mafundi wa kale wa Ulaya walitumia mmea wenye ukali wa mchanga, sawa na sisi tuliosugulia majani ya msasa, mpaka jina la jani likahamia kwenye karatasi ya dukani. Mwisho mti hupakwa mafuta ya mbegu za kitani, tabaka kwa tabaka. Kasiba nayo ama hung'arishwa na kuachwa nyeupe, ama huachwa ishike kutu nyembamba kwa makusudi. Kutu hiyo husuguliwa na kurudishwa mara kadhaa mpaka iwe rangi ya kahawia iliyotulia.

Hapa pana swali la istilahi na la uaminifu pia. Bunduki iliyokamilika hivyo yaweza kudhaniwa kuwa ya miaka 250. Tuiiteje? Tukisema bandia, tunamtukana fundi. Tukisema ghushi, tunamshtaki. Mwundaji mwaminifu hutia jina lake na mwaka chini ya kasiba, na alama hiyo ndiyo itenganishayo nakala na ghushi. Twapendekeza nakala itumike kwa kitu kilichoundwa upya kwa uwazi, na ghushi ibaki kwa kile kilichokusudiwa kudanganya. Watumishi wa makumbusho na wa forodha wanaihitaji tofauti hii kila siku.

Gumegume katika pwani yetu

Bunduki hizi hazikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha 80,000 hadi 100,000 zilipita bandarini humo kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa watia sahihi wake, ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Basi haki ya mtu kumiliki silaha iliamuliwa kwa istilahi mbili za kifundi: jiwe na mifuo. Mafundi wa kuchonga mawe katika mji mdogo wa Brandon, Uingereza, waliendelea kuyauza Afrika hata katika karne ya 20.

Kiswahili cha wakati huo kilikuwa tayari na kasiba, mtambo, kamani, kifa, mdeki, marisaa na gumegume. Leo wengi husema gobore kwa kila bunduki ya kushindiliwa, iwe ya jiwe au ya fataki, na mtu akisikia gumegume hudhani ni tusi kwa mume asiyefaa. Maneno haya yakifa, mfasiri wa nyaraka za karne ya 19 atalazimika kubuni majina ya vitu ambavyo babu zake walivitaja bila kusita.

Mapendekezo

Twayaweka yafuatayo mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Manne ya kwanza ni ya zamani, yaliyosalia ni mapya au yamepewa maana mpya.

Kasiba: mwanzi wa chuma upitishao risasi au marisaa.

Kifa: kibakuli cha baruti ya kuwashia. Kamusi za zamani hulitumia neno hili pia kwa mahali pa kuwekea fataki, kwa hiyo aina ya bunduki itajwe.

Kamani: chuma kinachorudi kikikunjwa, kinachousukuma mtambo.

Mdeki: ufito wa kushindilia.

Kishikajiwe: kipande chenye taya za kubana jiwe. Jogoo na mbwa tuwaachie wenyewe.

Bamba la cheche: pua igongwayo na jiwe. Lisiitwe nyundo kamwe.

Kokwa la mtambo: kipande cha ndani kinachozunguka pamoja na kishikajiwe.

Mti wa bunduki: ubao wote ubebao kasiba, maana kitako ni ncha ya begani tu.

Kabla ya kuyakubali au kuyakataa, twamsihi msomaji afanye kama wafanyavyo waunda bunduki: akiweke kitu mbele yake, aulize kila kipande kinafanya nini, ndipo atafute neno lake.