Jinsi picha za ubongo zinavyoeleza umakini wa dereva

KILA dereva aliyezoea kupita Salgaa, eneo la Rongai, Kaunti ya Nakuru, anajua kuwa mteremko ule hausamehe kosa. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki basi lilipogongana na lori eneo la Migaa, karibu na Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru-Eldoret.

Kwa miaka mingi, lawama kuhusu ajali za sehemu hiyo zimeelekezwa kwa mwendo wa kasi, kupita magari mengine ovyo, na tabia ya baadhi ya madereva wa malori ya kuteremka bila gia ili kuokoa mafuta. Hata hivyo, kuna jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni umakini wa dereva. Siku hizi wanasayansi wanaweza kuchunguza umakini huo ndani ya ubongo wenyewe.

Kifaa kinachotumika sana ni mashine ya MRI, ile ile inayotumiwa hospitalini kuchunguza uvimbe au majeraha ya kichwa. Haitumii miale kama eksirei, bali sumaku yenye nguvu nyingi. Mnamo 1990, Mjapani Seiji Ogawa, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Marekani, alionyesha kuwa mashine hiyo inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni nyingi na ile iliyopungukiwa. Kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi, mtafiti akiifuata damu hiyo hutambua ni sehemu ipi inayoshughulika.

Mwaka wa 1997, Nancy Kanwisher na wenzake walieleza kuhusu sehemu ya ubongo inayoitikia nyuso za watu kuliko vitu vingine. Miaka miwili baadaye, watafiti wa kundi hilo waliwaonyesha watu picha ya uso iliyopachikwa juu ya picha ya nyumba. Mtu alipoutilia maanani uso, sehemu ya nyuso ilizidi kufanya kazi; alipoizingatia nyumba, sehemu nyingine ndiyo iliyozidi, ilhali vyote viwili vilikuwa mbele ya macho yake wakati wote. Funzo ni kwamba kuelekeza macho kwenye kitu si sawa na kukizingatia.

Suala hilo lilihusishwa moja kwa moja na udereva mnamo 2008, wakati Marcel Just na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipochapisha matokeo ya utafiti wao. Watu 29 waliokuwa wamelala ndani ya mashine waliendesha gari la kuigiza katika barabara yenye kona. Walipotakiwa pia kusikiliza sentensi na kuamua iwapo ni za kweli au za uongo, kazi ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia nafasi na mwelekeo ilipungua kwa asilimia 37. Waliyumba zaidi barabarani, ingawa hawakushika simu yoyote mkononi.

Usingizi nao una athari zake. Mwaka uo huo, Michael Chee na wenzake nchini Singapore walionyesha kuwa mtu aliyekesha anapopotewa na makini, sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona hupunguza kazi. Macho yanaweza kuwa wazi, lakini ubongo haupokei ipasavyo yaliyo mbele yake.

Picha hizi zina mipaka. Damu huchelewa kwa sekunde kadhaa baada ya ubongo kuanza kazi, na chumba cha mashine si barabara. Aidha, haziwezi kusoma mawazo ya mtu, wala kuthibitisha kilichomsibu dereva fulani siku ya ajali.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliyetekwa na mazungumzo kwa sekunde tatu atakuwa amesafiri zaidi ya mita 60 huku ubongo wake ukigawanya kazi. Katika mteremko wa Salgaa, umbali huo watosha kuangamiza maisha ya wengi. Kwa hivyo, kifaa cha masikioni hakimwondolei dereva hatari. Ni heri asimamishe gari pahali salama ndipo azungumze, na akihisi usingizi, apumzike kabla ya kuendelea na safari.