Nani Anapita Juu ya Ulyankulu?

Agosti 1871, katika vita vya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, Soud bin Sayd alitoka Zimbizo na watu wapatao 500, akaivamia Ulyankulu, akabeba pembe za ndovu na mateka. Mirambo hakumkimbiza. Aliijua njia ya kurudi, akajificha na askari wake katika nyasi ndefu kandokando yake, na Soud akauawa hapo. Kufuatilia vyombo vya angani nako ni kuvizia: setilaiti iendayo kilomita 7.8 kwa sekunde haikimbizwi. Hujulikana njia yake na saa ya kupita, kisha husubiriwa.

Ulyankulu iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Chombo ambacho njia yake imeinama kuzidi nyuzi hizo hakina budi kuikata latitudo hii mara mbili katika kila mzunguko, na dunia inavyojizungusha chini yake, mapema au baadaye vingi hupita karibu na Ulyankulu. Nashikilia kwamba Afrika Mashariki imewaazima wengine ardhi ya kuvizia, yenyewe isijifunze kuvizia.

Marekani ilijenga kituo cha mradi wa Mercury huko Tunguu, Unguja, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia. Chama cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party) kilikipinga kwa hofu za kijeshi, hofu ambazo zama zile hazikuwa za kipuuzi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kiliondolewa, na kazi yake ikahamia Madagaska. Kaskazini zaidi, Waitalia waliirusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kituo chao cha nchi kavu kingalipo.

Mtu atasema rada ni ghali, na orodha ya Marekani ya vitu vya angani husomwa bure. Ni kweli, na kwa siku za kawaida inatosha. Haitoshi kitu kinapokaribia kuanguka. Jua likichafuka, hewa ya juu hutanuka, ukinzani wake hubadilika, na saa iliyobashiriwa hukosewa. Kosa la dakika 10 ni kilomita 4,680 za njia, yaani Tabora hadi Lagos na kuzidi.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Roketi ya nani? Marco Langbroek, mfuatiliaji wa vyombo vya angani wa Uholanzi, alitaja sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa 2008. Mfuatiliaji mwenzake, Jonathan McDowell wa Marekani, alitilia shaka kama kweli ilitoka angani. Ubishi huu una uzito wa kisheria. Mkataba wa dhima wa 1972 unaibana nchi iliyorusha kulipa fidia ya madhara ya ardhini hata bila uzembe, lakini mdai ndiye aonyeshe ni nani aliyerusha. Mukuku hakuumia mtu. Angeumia mtu, Kenya ingeanza dai lake kwa kuomba hesabu za wageni.

Kuhusu vifaa vya kujifuatilia wenyewe, antena ya kupokea redio iko ndani ya uwezo wa chuo, na haijali usiku wala mawingu; ila haisikii kilichokufa, na vinavyoanguka vingi vimekwisha kufa. Hivyo inatakiwa darubini yenye kamera. Kituo chake kinaweza kuwa Ulyankulu: ina giza la shamba na anga kavu ya Juni hadi Septemba, ingawa moshi wa miombo inayochomwa huharibu miezi ya mwisho, na masika hayahitaji maelezo. Tena karibu na ikweta utusitusi wa jioni ni mfupi, na vyombo vya chini huzama mapema katika kivuli cha dunia. Mtazamaji wa Ulaya wakati wa kiangazi chake hupata saa nyingi zaidi. Kituo kimoja basi hakitoshi. Cha pili kiwe pwani, Unguja au Mombasa, ili njia ileile ipimwe kwa pembe tofauti, na saa za vituo vyote viwili zilinganishwe kwa makini: sehemu moja ya kumi ya sekunde ikikosewa, chombo huhama mita 780.