Moto wa Nyika ya Texas

Kwa kuwa habari ya akiba ya majani makavu itajadiliwa katika Mkutano Mkuu, twaona yafaa wanachama wajue yaliyowapata wafugaji wenzetu wa Texas, huko Marekani.

Tarehe 26 Februari 2024, nguzo ya umeme iliyooza ilivunjika karibu na mji wa Stinnett. Nyasi zilikuwa ndefu, tena zimekauka. Upepo wa magharibi ukaukimbiza moto kuelekea mashariki. Kesho yake upepo ukageuka, ukavuma toka kaskazini, na ule ubavu mrefu wa moto ndio ukawa uso wake. Hapo wengi wakazidiwa. Ziliteketea ekari zaidi ya 1,000,000, wakafa watu wawili na ng'ombe zaidi ya 7,000. Wengine walipigwa risasi na wenyewe, kwani kwato na viwele vilikuwa vimeungua. (Kazi hiyo hatumwombei mfugaji yeyote.)

Lakini kwa maoni yetu, shida kubwa ilianza moto ulipopita: ng'ombe aliyepona hana jani la kula, na nguzo za seng'enge zimekuwa majivu. Ndipo malori yalipofika toka majimbo ya mbali, yamesheheni majani makavu, wala wenyewe hawakudai malipo.