Mashariki ya Mlima Kenya: Nchi Iliyorukwa na Reli

Mwaka 2007 mji wa Padova, kaskazini mwa Italia, ulizindua tramu inayotembea kwa matairi ya mpira. Reli yake ni moja tu, imefukiwa katikati ya barabara. Vigurudumu viwili vilivyoinama huibana kama koleo ili kuongoza gari, na uzito wote hubebwa na matairi. Mestre, karibu na Venezia, ilifuata mwaka 2010.

Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya, hazikupata tramu wala treni. Zilipata tairi peke yake, na sababu ni za zamani. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi la Thika likakamilika 1913. Kutoka hapo njia ilisogezwa kidogo kidogo kupitia Sagana na Karatina hadi Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukitazama ramani, utaona imeuzunguka mlima kwa upande wa magharibi, kwenye mashamba ya walowezi. Mashariki ilikuwa hifadhi ya Waafrika. Serikali ilikuwa na ofisi Embu tangu 1906 na Meru tangu 1908, lakini bajeti ya reli haikuvuka mlima. Wapo wanaosingizia mabonde ya Thuci, Nithi na Mutonga. Mimi sikubali: wahandisi wa reli hiyo hiyo walikuwa wameshapanda milima ya Mau.

Wakulima wa Meru na Embu waliporuhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1930, stesheni iliyokuwa karibu na Embu ni Sagana, na ya Meru ni Nanyuki. Kabla ya kufika huko, kila gunia lilihitaji lori.

Miraa ndiyo iliyoufanya mwendo wa tairi kuwa maisha yenyewe. Hukauka na kupoteza ladha baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo haingoji ratiba ya mtu. Asubuhi wachumaji wa Igembe na Tigania, huko Meru, hupanda miti. Vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba yasipoteze unyevu, vikapakiwa kwenye pikapu za Hilux hadi bodi likabonyea. Kutoka Maua huteremka mbio, taa zimewashwa mchana kweupe, kuwahi ndege ya Somalia katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko kuanzia 2020 hadi 2022, madereva waliumia pamoja na wakulima.

Abiria nao walikuwa na matatu, zilizoruhusiwa kisheria na Rais Kenyatta mwaka 1973. Kanuni za waziri John Michuki za 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na idadi kamili ya abiria. Hata hivyo barabara ya Embu hadi Meru ina miteremko isiyosamehe. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tramu ya Padova hushikwa na reli yake. Gari la Nithi hushikwa na breki na dereva tu.

Treni ya Nanyuki ilifufuliwa mwaka 2020. Abiria wa Meru akishuka huko, bado anatafuta matatu ya kupitia Timau.