Neno la Ufa: Wakurdi na Majarida ya Fikra

Wakurdi wana neno *rexne*, ambalo herufi yake x husomeka kama kh yetu ya kheri. Kwao neno hilo ni uhakiki: kuipima kazi au fikra na kuitaja kasoro yake bila woga. Kwa jirani zao Waajemi, neno hilo hilo ni ufa, mwanya ukutani. Sisi tuliolelewa na methali ya kuziba ufa huenda tukashtuka kusikia kwamba kuna watu walioutafuta ufa kwa makusudi, wakaulipia kwa uhamisho. Mara nyingi ufa wenyewe ulikuwa jarida la kurasa chache.

Kabla ya majarida, mzigo wa fikra ulibebwa na ushairi. Ehmedê Xanî, mshairi na mwalimu wa Bayezid, alitunga mwaka 1683 msamiati wa Kiarabu na Kikurdi kwa mashairi, akaukusudia watoto na si wakubwa wenye elimu. Baadaye, ndani ya kisa cha mapenzi cha *Mem û Zîn*, aliuliza kwa nini watu wake hawana mtawala wao na kwa nini lugha yao haithaminiwi. Warithi wa tendi hatuhitaji kuambiwa kuwa ubeti waweza kubeba swali zito. Hata hivyo, ubeti hukaririwa na kusifiwa. Ni nadra kusahihishwa. Najua washairi watanikumbusha malumbano yetu, nami nakiri. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha uandishi wa insha niliona wanafunzi wengi wakijibizana kwa vina vitamu, kisha wakikwama walipotakiwa kuieleza hoja ile ile kwa nathari.

Nathari ya Kikurdi nayo ilihitaji mahali pa kujifunzia. Gazeti la kwanza, *Kurdistan*, lilizaliwa Cairo tarehe 22 Aprili 1898 mikononi mwa Mîqdad Midhat Bedirxan, kwa kuwa Istanbul ya Sultani Abdülhamid isingelivumilia. Lilihamahama hadi Ulaya, likakoma mwaka 1902 likiwa na matoleo 31.

Miaka 30 baadaye, tarehe 15 Mei 1932, Celadet Alî Bedirxan, wa ukoo huo huo, alianzisha *Hawar* mjini Damascus. Jina lake ni ukunga wa kuomba msaada. Matoleo 23 ya mwanzo yalitumia herufi za Kiarabu na za Kilatini pamoja. Kuanzia la 24 yakabaki ya Kilatini pekee. Kwa wasemaji wa Kikurmanji huo ulikuwa msingi wa maandishi yao ya leo. Lakini kule Baghdad, *Gelawêj* ya mwaka 1939 hadi 1949 iliwalea wasomaji wa Kisorani kwa makala, uhakiki na tafsiri, kwa herufi za Kiarabu. Kila jarida liliijenga lugha, na bila kukusudia yakaachana njia.

Sehemu ninayoistahi zaidi ni ile iliyofuata maasi ya Machi 1991 kaskazini mwa Iraki. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Iraki vikwazo. Oktoba mwaka huo Saddam Hussein naye akaifungia njia mikoa ya Wakurdi, na watumishi wakakosa mishahara. Katika dhiki hiyo, Bachtyar Ali na waandishi wenzake wa kizazi chake walianzisha jarida la falsafa, *Azadî*, yaani Uhuru. Lilitoka mara tano tu.

Mtu ataona matoleo matano si kitu. Mimi naona kwamba hapo swali lilibadili mwelekeo. Waliotangulia walimuuliza mtawala wa nje kwa nini anatunyima lugha. Hawa waliwauliza Wakurdi wenyewe juu ya utaifa wao, vyama vyao na mazoea yao ya kutukuza. Haikuwa anasa ya wasomi: mwaka 1994 vyama viwili vikuu, KDP na PUK, viligeuziana bunduki, na vita vyao havikwisha hadi 1998. Baadhi ya waandishi wale walikwenda Ulaya na kuendelea kuandika huko.

Upande wa Uturuki, sheria ya mwaka 1983 ilikataza kuchapisha kwa Kikurdi hadi ilipofutwa mwaka 1991. Wakimbizi wakageuza Sweden kuwa kiwanda cha vitabu. Firat Cewerî alihariri *Nûdem* huko kuanzia 1992 hadi 2001, na mwaka 1998 akaichapa upya *Hawar* yote, ili waliozaliwa chini ya marufuku waisome.

Ila msomaji wa Diyarbakır bado hawezi kufungua kitabu kilichochapwa Sulaimani akakisoma moja kwa moja. Lahaja ni nyingine, na herufi ni nyingine. Kazi za Bachtyar Ali zimemfikia kwa kupitia mfasiri, Kikurdi kikitafsiriwa kwa Kikurdi.